Kupanga orodha ya baraza la mawaziri la jimbo: mfano wa Alberta, Kanada, 1905–1910

Makosa mengi kwenye orodha hizi hutokana na kumpa kila waziri mstari mmoja, kisha vyeo vyake vyote vikabanwa humo humo. Panga kwa uteuzi, si kwa mtu: cheo kimoja, mtu mmoja, kipindi kimoja, mstari mmoja. Safu sita zinatosha: wizara, jina, tarehe ya kuapishwa, tarehe ya kuondoka, sababu ya kuondoka, na hati ulikoipata habari hiyo.

Chukua serikali ya kwanza ya Alberta. Alexander Rutherford alikuwa Waziri Mkuu wa jimbo, Mweka Hazina na Waziri wa Elimu kwa pamoja. Charles Cross alikuwa Mwanasheria Mkuu, na William Cushing alishika Kazi za Umma. William Finlay alibeba Kilimo na ukatibu wa jimbo. Leverett DeVeber aliingia barazani bila wizara maalumu. Wanaume watano, mistari minane.

Anza na kiapo, wala usianze na uchaguzi. Alberta ilipata hadhi ya jimbo tarehe 1 Septemba 1905. Kesho yake Rutherford akaapishwa na Luteni Gavana (mwakilishi wa mfalme jimboni) George Bulyea, ilhali wananchi walipiga kura tarehe 9 Novemba. Ukiifungua serikali hii kwa tarehe ya uchaguzi, umefuta zaidi ya miezi miwili ya kazi yake.

Tarehe zitafute kwanza kwenye gazeti rasmi la serikali ya jimbo na hati za uteuzi. Magazeti ya kila siku yanafaa kwa sababu za mtu kujiuzulu, lakini yachukuliwe kwa tahadhari: mara nyingi hutaja siku habari ilipovuja, au siku barua ilipoandikwa, nayo si lazima iwe siku ilipokubaliwa. Zikigongana, shika ya hati na ile nyingine iandike pembeni. Usitafute wastani wa tarehe mbili. Hilo ni kosa jipya juu ya la zamani.

Mabadiliko ya katikati ndiyo yanayokula muda. DeVeber alikwenda Seneti, baraza la juu la Bunge la Kanada, mwaka 1906. Finlay aliondoka 1909, na Duncan Marshall akachukua Kilimo. Mwaka huo huo Rutherford alijiongezea wizara ya Reli: huo ni mstari mpya, usiuunganishe na wa Hazina. Februari 1910 Cushing alijiuzulu kwa mgogoro wa dhamana ya serikali kwa kampuni ya reli ya Alberta and Great Waterways, na mgogoro huo ndio uliomwangusha Rutherford tarehe 26 Mei 1910. Arthur Sifton, aliyekuwa Jaji Mkuu, akashika nafasi siku hiyo hiyo. Lakini usiwape mawaziri wake wote tarehe ya 26 Mei; kila mmoja tafuta kiapo chake.

Mtego wa mwisho ni kiti cha bunge. Enzi hizo mbunge aliyepewa uwaziri wenye mshahara alilazimika kurudi kwa wapiga kura katika uchaguzi mdogo. Kwa hiyo ukiona kiti kimekuwa wazi, usidhani waziri amefukuzwa. Pia yupo aliyeteuliwa kabla hajawa mbunge: Sifton alipata kiti cha Vermilion kwa uchaguzi mdogo mwaka 1910 akiwa tayari Waziri Mkuu. Tarehe za kiti ziweke kwenye jedwali la pili, zisichanganyike na za uwaziri.

Ukimaliza, jipime. Chagua siku yoyote, tuseme 20 Machi 1908, kisha soma jedwali wizara kwa wizara. Kila wizara iwe na jina moja. Yakitokea mawili, kuna tarehe ya kuondoka iliyokosewa. Isipopata jina lolote, yumkini kuna kaimu uliyemruka. Rudi kwenye gazeti la serikali, ukaanze na toleo lililofuata kuondoka kwa waziri wa mwisho.