Kabla ya Kuhamia Toleo Jipya la PostgreSQL, Tafuta Wanaosoma Katalogi

Ikiwa ofisi yenu ya uwakala wa forodha hapa Mombasa bado inaendesha mfumo wa hifadhidata wa PostgreSQL, toleo la 10, mmechelewa kuhama: toleo hilo liliacha kupata marekebisho ya usalama Novemba 2022. Lakini msianze kwa kuhofia rekodi za makontena na ankara. Hizo kwa kawaida hufika salama. Kinachokatika ni vile vitu vidogo vilivyozoea kuchungulia katalogi ya mfumo: skripti za ufuatiliaji, ripoti za meneja, bekapu ya usiku.

Katalogi ni daftari ambamo hifadhidata hujiandika yenyewe. Kila jedwali limo kwenye pg_class, kila safu kwenye pg_attribute, kila funksheni kwenye pg_proc. Watengenezaji wako huru kulibadilisha katika kila toleo kubwa, na hulibadilisha kweli. Toleo la 11 liliondoa safu ya proisagg likaweka prokind, inayoeleza aina ya funksheni. La 12 likafuta safu za consrc na adsrc (maandishi ya masharti ya jedwali na ya thamani za msingi za safu), na tangu hapo maelezo hayo huombwa kwa pg_get_constraintdef na pg_get_expr. Toleo hilohilo liliondoa majedwali ya WITH OIDS (yenye namba ya utambulisho, oid, iliyofichwa kwa kila rekodi), na safu ya oid iliyokuwa imejificha kwenye katalogi ikajitokeza. Skripti ya SELECT * inayosoma safu kwa nafasi zake sasa huchukua thamani isiyo yake, bila kosa lolote kuonekana. Hilo ndilo la kuogopa zaidi. La 17 likahamisha baadhi ya takwimu za utendaji wa seva kutoka pg_stat_bgwriter hadi pg_stat_checkpointer.

Endesheni mapema pg_upgrade --check ya toleo jipya, yaani jaribio la chombo cha kuhamia. Haibadilishi kitu, na seva ya zamani inaweza kuendelea na kazi. Itawaonyesha majedwali ya OIDS yaliyobaki. Msiiamini kupita kiasi, kwani haisomi yaliyomo ndani ya funksheni za plpgsql (lugha ya programu ya PostgreSQL) wala skripti zilizo nje ya hifadhidata. Hayo tafuteni wenyewe: pekueni prosrc (maandishi ya funksheni) kwenye pg_proc, maelezo ya pg_views, kisha kila faili linaloitwa na cron (kiendesha kazi kwa ratiba), mkitafuta majina ya safu zilizoondolewa. Kazi hii inachosha, na ndiyo yenye faida kuliko zote. Panapowezekana, lihamisheni swali hadi information_schema, sura ya katalogi inayofuata kiwango cha SQL na haibadiliki ovyo. Pasipowezekana, skripti isome kwanza server_version_num (namba ya toleo la seva) ndipo ichague swali la kuuliza.

Programu za upande wa mtumiaji nazo zina umri. psql (programu ya kuandikia maswali) ya 11 ikielekezwa kwenye seva ya 12, amri ya \d ya kueleza jedwali hulalamika kwamba safu ya relhasoids haipo. pg_dump, ya kupiga bekapu, ni kali zaidi: hukataa kabisa seva yenye toleo kubwa kuliko lake. Maana yake, mkihama Jumamosi na kusahau pg_dump ya zamani kwenye mashine ya bekapu, Jumapili usiku hakuna nakala, na huenda mtu asijue mpaka siku inapohitajika.

Kama mnahamia pia mfumo endeshi mpya, angalieni glibc, maktaba ya msingi ya Linux. Toleo lake la 2.28 lilibadilisha mpangilio wa herufi, hivyo indeksi za maandishi zilizojengwa kabla yake zinahitaji REINDEX, yaani kujengwa upya.

Usiku wenyewe chagueni ambao hakuna meli yenye mizigo yenu inayosubiri hati Kilindini, na UPS iwe imejaribiwa, maana stima haitoi taarifa. Diski ikitosha, msitumie --link ya pg_upgrade, inayounganisha faili za zamani badala ya kuzinakili; ukishawasha seva mpya kwa njia hiyo, ya zamani si salama kuirudia. Mkimaliza, endesheni vacuumdb --all --analyze-in-stages kabla ya kufungulia watu, kwa kuwa kabla ya toleo la 18 takwimu za mpangaji maswali, anazotumia kuchagua njia ya kutafuta data, hazihami, na amri hiyo huzikusanya upya. Kisha pigeni bekapu mpya papo hapo, muirejeshe kwenye mashine nyingine, muone kama inafunguka.