Minyororo Kwenye Chuma: Hesabu Zile Pete Zinazoacha Sakafu

Nikiona picha ya mtu anapiga skwoti (kuchuchumaa na kuinuka akiwa na chuma, ile fimbo ndefu ya uzito, mabegani) na minyororo imening'inia kwenye ncha zake, natazama sakafuni kwanza. Kama hakuna pete hata moja inayogusa simiti, huyo amening'iniza mapambo. Mnyororo unaokaa hewani wote, chini na juu, ni sahani tu, kama yale magurudumu ya uzito yanayovishwa kwenye chuma, tena sahani inayobembea na kupiga kelele. Faida yake inapatikana pale unapochuchumaa pete zikalala chini, kisha ukiinuka zinaacha sakafu moja baada ya nyingine, na uzito unaongezeka kadiri unavyopanda.

Kwenye skwoti, pagumu ni chini. Ukishavuka nusu ya njia miguu ina nguvu ya kubakisha, na hapo ndipo wengi hulegea. Mnyororo unakulazimisha kusukuma hadi mwisho. Aliyeeneza sana mtindo huu ni Louie Simmons, kocha wa gym ya Westside Barbell kule Columbus, Ohio, Marekani, aliyefariki mwaka 2022.

Hesabu ifanye kabla ya kwenda kununua. Mnyororo wa milimita 13 (huo ni unene wa nondo iliyokunjwa kuwa pete, si upana wa pete) una karibu kilo 3.5 kwa mita, kutegemea urefu wa pete zake. Kwa mtu wa kimo cha kawaida chuma husafiri kama sentimita 60. Ukining'iniza uzi mmoja, yaani mstari mmoja wa mnyororo, kila upande, sentimita 60 hizo zinakuongezea kilo 2 kila upande, yaani kilo 4 jumla. Hizo hata hutazisikia. Ndiyo maana mimi natumia vipande viwili vya mita 2 kila upande, kila kimoja kimeshikwa kwa pete yake ya katikati. Sasa kila upande una nyuzi nne, na nyongeza ya kutoka chini hadi juu inafika karibu kilo 17. Jumla utahitaji mita 8.

Minyororo ya dukani ni ghali bila sababu. Nenda Kariobangi Light Industries hapa Nairobi, upande wa Outer Ring Road, kwa wauza vyuma chakavu. Wanauza kwa kilo, kwa hiyo mizani iko hapo hapo: pima kila kipande, uandike. Beba tepu yako. Kagua pale pete zinapokwaruzana. Iliyoliwa ikawa nyembamba, iliyopinda au iliyochomelewa upya, achana nayo hata ukipunguziwa bei vipi. Nyumbani isugue kwa brashi ya waya na mafuta taa, uikaushe. Grisi usipake, itashika vumbi na kuchafua kila kitu.

Kitu ambacho watu hukiruka ni mnyororo mwembamba wa kuning'inizia, ule wa milimita 6. Huo unazunguka ncha ya chuma, nje ya sahani, kisha klipu inafunga nyuma yake usichomoke. Mnyororo mzito unaushika kwa karabina ya chuma (kulabu yenye kimlango kinachojifunga), si ile ya kubebea funguo. Urefu wake unaupata hivi: chuchumaa na chuma kitupu hadi chini kabisa, mwenzako apime kutoka chuma hadi sakafu. Tuseme ni sentimita 80. Toa 10. Karabina ining'inie sentimita 70 chini ya chuma. Ukisimama, itakuwa sentimita 70 juu ya sakafu, na kila uzi wa mita 1 utabaki na sentimita 30 chini. Hicho kipande kinacholala ndicho kinazuia kubembea.

Chukua dada mmoja hapa kwetu Umoja, ambaye skwoti yake ya juu kabisa ni kilo 100. Siku ya kasi namwekea kilo 50 kwenye chuma. Chini anabeba karibu 53, akisimama karibu 70. Anapiga seti 8 za mara 2, akipumzika kama dakika moja. Akianza kupanda polepole nasimamisha, maana siku hiyo tunatafuta kasi. Na kama sahani zako ni za jua kali, zilizotengenezwa na mafundi wa mtaani, zipime pia. Kilichoandikwa 20 mara nyingi si 20.

Kwenye benchi (kulala chali na kusukuma chuma kutoka kifuani) njia ni fupi, kipande kimoja kila upande kinatosha, lakini pima upya urefu wa kuning'inia, chuma kikiwa kifuani. Awepo mtu nyuma yako. Kwenye dedilifti (kunyanyua chuma kutoka sakafuni) tupa minyororo juu ya chuma chenyewe, basi.

Anayeanza, ambaye bado anaongeza kilo karibu kila wiki kwenye chuma cha kawaida, haya yote hayamhusu kwa sasa. Mwenye bega au mgongo unaouma naye asubiri.

Sakafu itandike mpira mzito, la sivyo simiti itabanduka na mwenye nyumba atapanda ngazi kuja kuuliza. Ukimaliza, toa kipande kimoja kushoto, kimoja kulia, kwa zamu. Ukivua upande mmoja wote, chuma kinaweza kupinduka kutoka kwenye stendi.