Somo: Jinsi ya kuchagua lenzi ya makro ya kupigia picha wadudu

Swali ninaloulizwa zaidi ni hili: "Lenzi ipi ya makro ina picha kali kuliko zote?" Ukali usikuumize kichwa, maana lenzi za makro (zinazopiga vitu vidogo kwa karibu sana) za kampuni zinazojulikana karibu zote zina ukali wa kutosha. Kinachotofautisha ni ukubwa wa mdudu unayemtaka, na anakuruhusu umsogelee kiasi gani kabla hajaruka. Tuanzie hapo.

Hatua ya 1: Mjue mdudu wako

Andika wadudu watatu unaowapenda. Vipepeo na kereng'ende ni wakubwa lakini waoga. Nyuki akiwa kwenye ua ameshughulika, hakujali sana. Sisimizi na vidukari hawakimbii mbali, ila ni wadogo mno.

Hatua ya 2: Soma uwiano wa ukuzaji

Uwiano wa 1:1 maana yake mdudu wa milimita 10 anachukua milimita 10 kwenye sensa, yaani kipande ndani ya kamera kinachopokea picha. Sensa ya fremu kamili ina upana wa milimita 36, kwa hiyo nyuki wa milimita 13 anajaza kama theluthi moja, na sisimizi wa milimita 3 anabaki kitone. Kipepeo mwenye mabawa ya sentimita 6 hata haingii mzima; huyo 1:2, yaani nusu ya ukubwa wake, inamtosha. Anayependa sisimizi atafute lenzi inayofika 2:1, yaani mara mbili ya ukubwa wake.

Lenzi nyingi za zumu zimeandikwa "macro" ubavuni huku zikiishia 1:3 au 1:4. Usinunue neno, nunua namba.

Hatua ya 3: Pima umbali halisi kati ya lenzi na mdudu

Hapa ndipo wengi wanaponunua vibaya, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Umbali wa chini wa kufokasi (wa karibu kabisa ambao picha bado hutoka kali) unaotangazwa hupimwa kutoka kwenye sensa. Haupimwi kutoka kwenye kioo cha mbele. Lenzi ya milimita 100 (huo ni urefu wake wa fokasi, si urefu wa mwili wake) ikiandikwa sentimita 30, toa urefu wa lenzi yenyewe na kina cha kamera, na kwenye 1:1 unabaki na sentimita kama 14 tu. Ya milimita 60 inabakiza kama 9 au 10. Ya milimita 180 inakupa karibu 25. Ukivalisha kofia ya kuzuia jua, umekula sentimita nyingine kadhaa.

Sasa mfikirie kereng'ende. Macho yake yamefunika karibu kichwa chote, na kivuli cha lenzi kikimpitia tu, kwaheri. Kwake yeye milimita 150 hadi 180 ni msaada mkubwa, na mandhari ya nyuma hutulia kwa sababu lenzi ndefu huchukua eneo dogo la nyuma. Gharama yake ni uzito na mtikisiko. Milimita 60 inafaa kwa viwavi, mayai na wadudu waliotulia. Mimi nikiulizwa lenzi moja tu, najibu milimita 90 hadi 105 bila kusita.

Hatua ya 4: Tenga fedha ya mwanga

Kwenye 1:1, ukifunga tundu (mlango wa mwanga ndani ya lenzi; namba ya f ikiwa kubwa, tundu ni dogo) hadi f/11, eneo lililo kwenye fokasi lina unene wa milimita moja na kitu. Mwanga nao hupungua, f/11 ikafanya kazi kama f/22. Kwa hiyo usilipie zaidi kwa ajili ya tundu pana la f/2.8, weka fedha hiyo kwenye flashi na kisambaza mwanga kikubwa. Kizuia mtikisiko ni kizuri, lakini nguvu yake hupungua ukiwa karibu sana.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, asante kwa somo. Nina 50mm ya kawaida tu. Nianzie wapi?*

Anza na pete za kurefusha, zinazokaa kati ya kamera na lenzi, ndugu yangu. Hazina kioo ndani, kwa hiyo haziharibu ukali. Pete ya milimita 25 itakufikisha kwenye 1:2 na zaidi kidogo. Chukua zenye miguso ya umeme, la sivyo lenzi za kisasa nyingi hazitakubali kubadili tundu.

*Mkuu, na vile vioo vya kufunga mbele ya lenzi?*

Vizuri vipo. Raynox DCR-250 ina diopta 8 (kipimo cha nguvu ya kioo): ukiifunga kwenye lenzi ya milimita 200 iliyofokasiwa mbali kabisa, unapata ukuzaji wa mara 1.6 na mdudu yuko sentimita 12 hivi. Wanaomiliki zumu ndefu tayari, hii ndiyo njia ninayoipenda.

*Canon MP-E 65mm inafaa kwa anayeanza?*

Hapana. Inaanzia 1:1 hadi mara 5, fokasi ni ya mkono tu, na haiwezi kupiga kitu cha mbali. Kwenye mara 5 mdudu yuko sentimita 4 kutoka kwenye kioo.

*Lenzi yangu ni ya 1:1 lakini jicho likiwa safi, mabawa yana ukungu. Nibadilishe?*

Usibadilishe. Geuza kamera hadi sensa ilingane na ubavu wa mdudu, jicho na bawa vikae kwenye usawa mmoja. Zima fokasi ya kiotomatiki, weka uwiano unaoutaka, kisha sogea mbele na nyuma taratibu ukipiga kadhaa mfululizo. Toka alfajiri, wadudu wakiwa bado na baridi. Wengi hawawezi kuruka mpaka wapate joto.