Seva Nzima, Kengele Inalia: Kuwinda Tahadhari za Uongo Hatua kwa Hatua

Tahadhari za uongo, yaani kengele za programu ya ufuatiliaji zinazolia seva ikiwa haina neno, zikizidi, wengi hukimbilia kupandisha kizingiti (kiwango kinachoamsha kengele) kutoka asilimia 80 hadi 95 ili wapate usingizi. Kizingiti kiwe kitu cha mwisho kukigusa. Kwanza jua anayedanganya ni nani: seva, njia ya mtandao au kipimo chenyewe.

Hatua ya 1: Endesha kipimo kwa mkono

Ingia kwenye mashine ya ufuatiliaji, uendeshe amri ileile kwa jina la mtumiaji anayetumiwa na programu, si root (msimamizi mwenye ruhusa zote). Kwa Nagios, programu mojawapo ya ufuatiliaji, mfano huu hupima diski ya mashine hiyo yenyewe; ya seva nyingine huitwa kupitia check_nrpe, plagini (programu ndogo ya kupima) inayoendesha kipimo ndani ya seva ya mbali:

`sudo -u nagios /usr/lib/nagios/plugins/check_disk -w 20% -c 10% -p /`

Papo hapo andika `echo $?`. Jibu 0 ni sawa, 1 onyo, 2 hatari, 3 haijulikani. Ukipata 3, iache seva kwanza, kagua kipimo: ruhusa, njia ya faili, au plagini isiyokuwepo. Kipimo kinachokubali kwa root na kukataa kwa nagios ni ugonjwa wa ruhusa, basi.

Hatua ya 2: Pima kutoka ndani

Sasa endesha kipimo kilekile ndani ya seva yenyewe. Kikiwa kizima ndani na kibovu kutoka nje, shuku DNS (inayogeuza majina kuwa anwani), faiwoli (ukuta wa kuchuja mtandao) au ucheleweshaji. Kumbuka check_nrpe husubiri sekunde 10 tu usipoiambia vinginevyo. Skripti nzito ikivuka hapo, utaletewa kosa ilhali seva haina neno. Ongeza `-t 30`. Na kama seva nyingi huwa nyekundu kwa mpigo, huenda ruta iliyo mbele yao ndiyo iliyolala. Itaje kwenye mpangilio wa `parents` wa Nagios, na zilizo nyuma yake zitahesabika kuwa hazifikiki, si kwamba zimezimika.

Hatua ya 3: Hakikisha unapima kitu sahihi

Hapa ndipo uongo mwingi unapozaliwa. Linux hutumia RAM iliyokaa bure kuhifadhi kache ya faili, kwa hiyo ukiendesha amri ya `free`, safu ya `free` ikiwa ndogo si dalili ya njaa. Soma safu ya `available`. Mzigo (load) nao usiusome bila `nproc`, amri inayotaja idadi ya viini vya CPU: mzigo wa 8 kwenye mashine ya viini 8 si wa kutisha, kwenye viini 2 ni foleni. Tena Linux hujumlisha michakato inayosubiri diski, hivyo mzigo waweza kupaa CPU ikiwa imetulia.

Hatua ya 4: Kipe muda

Kwenye Nagios, `max_check_attempts 3` na `retry_interval 1` huzuia ujumbe hadi kipimo kishindwe mara tatu mfululizo. Prometheus, programu nyingine ya ufuatiliaji, ina `for: 5m`, yaani hali idumu dakika 5 kwanza. Kwenye Zabbix, nayo ya ufuatiliaji, badala ya `last()` (thamani ya mwisho) tumia `min()` (thamani ndogo kabisa) ya dakika 5, kisha weka sharti tofauti la kupona: kengele ilie juu ya 90, inyamaze ikishuka chini ya 80. Usiweke subira hii kila mahali. Hifadhidata kuu ikizimika, dakika 5 ni nyingi mno.

Hatua ya 5: Kazi za ratiba

Bakapu ya usiku ikipandisha mzigo, nyamazisha tahadhari ya mzigo kwa saa hizo tu. Ukinyamazisha seva nzima, diski itajaa kimya kimya.

Hatua ya 6: Jaribu

Zima kwa makusudi huduma isiyo na watumiaji. Ujumbe usipofika, umekaza kupita kiasi: legeza hatua ya 4, ujaribu tena.