Kabla injini mpya ya boti haijaondoka Nairobi

Nairobi haina mahali pa kuizoesha injini mpya ya boti, yaani kuiendesha kwa utaratibu saa zake za kwanza mpaka sehemu zake zikae sawa. Bwawa la Nairobi, pale kando ya Kibera, limesongwa na magugumaji na taka, na hata ukipata kipande cha maji wazi hutataka kuingiza humo mashine uliyoilipia pesa nyingi. Kwa hivyo ukiinunua Industrial Area, itaanza kazi mbali na duka: Naivasha, kilomita 90 hivi, Kisumu zaidi ya 300, au Pwani. Ndiyo maana nasema saa zake 10 za kwanza hupangwa mjini, siku mbili tatu kabla ya safari. Ukikumbuka oili ukiwa tayari ufuoni, umechelewa.

Swali la kwanza dukani: ni ya stroki mbili au nne? Stroki nne huwa na oili yake ndani, haichanganywi na petroli. Nyingi hutoka kiwandani zikiwa kavu kabisa, kwa hivyo chomoa kijiti cha kupimia oili kabla mtu yeyote hajavuta kamba. Nimeona kijana wa duka akitaka kumfurahisha mteja kwa mlio wa injini, na mimi ndiye niliyemshika mkono. Mashine hiyo pia ina upande wake wa kulazwa ndani ya pikapu, na kibandiko huuonyesha. Ukiilaza vibaya, oili hupenya hadi ndani ya silinda na safari inaanza kwa moshi na plagi zilizolowa.

Stroki mbili ndiyo yenye hesabu, kwa sababu oili yake huchanganywa na petroli. Nyingi zisizo na tangi la oili la pekee hutaka, kwa saa 10 za kwanza, lita 1 ya oili kwa lita 25 za petroli. Baadaye hushuka hadi 1 kwa 50. Mtungi wa lita 20 basi utapokea mililita 800 mwanzoni, kisha 400 injini ikishakomaa. Kitabu cha mashine yako ndicho chenye neno la mwisho, kwa hivyo kisome kabla ya kulala, si ukiwa ndani ya boti. Nunua chupa yenye alama za kipimo. Niliwahi kukadiria kwa macho, nikashinda asubuhi nzima nikifuta plagi zilizoingia masizi huku wenzangu wakivua.

Na oili yenyewe isiwe yoyote tu. Ukipita Kirinyaga Road, barabara ya maduka ya vipuri mjini, utauziwa oili ya tuktuk au ya msumeno wa injini, na muuzaji ataapa ni kitu kimoja. Si kitu kimoja. Injini ya boti hupozwa kwa maji na hutaka oili yenye alama ya TC-W3, isiyoacha majivu kwenye pistoni. Kwa stroki nne tafuta alama ya FC-W. Beba ya kutosha saa zote 10, pamoja na plagi za akiba, ufunguo wa plagi na pini ya pangaboi. Mtungi wa petroli uwe msafi. Uliowahi kubeba maji, hata kidogo, uache nyumbani.

Jaribio la mjini hufanyika kwenye pipa. Toa pangaboi, jaza maji mpaka yapite bamba lililo juu yake, kisha washa kwa dakika chache bila kuongeza mafuta. Unatafuta kitu kimoja tu: ule uzi wa maji unaotoka pembeni, kama mtoto anayekojoa. Usipoonekana upesi, zima. Pampu ya maji ikikauka huharibika haraka, na injini huifuata. Usijidanganye kwamba pipa linatosha kuizoesha. Humo injini haibebi mzigo wowote.

Mzigo ndio wenye maana. Ukuta wa silinda mpya umechorwa mistari myembamba inayokingana, ili ishike oili na kuzisugua ringi za pistoni mpaka zikae sawasawa. Ukiikimbiza mapema, joto hukwangua pistoni. Ukiibembeleza siku nzima kwa mwendo mmoja wa pole, mistari hulainika kabla ringi hazijakaa, nayo injini itapungukiwa na nguvu maisha yake yote. Wengi huogopa kosa la kwanza na kuangukia la pili.

Utaratibu ambao Yamaha hutoa kwa stroki mbili ni mfano mzuri. Dakika 10 za kwanza ingurume polepole kabisa. Dakika 50 zinazofuata usipite nusu ya mafuta, yaani mpini wa mafuta ufunguliwe nusu tu. Saa ya pili usipite robo tatu. Saa 8 zinazobaki nenda upendavyo, ila usifungulie mafuta yote kwa zaidi ya dakika 5 mfululizo. Wakati wote badilisha mwendo, na andika saa kwenye daftari. Kumbukumbu ya watu wanne ndani ya boti huleta majibu manne.

Siku hiyo pakia watu wachache na usialike marafiki wanaotaka kuona kasi. Jaketi okozi kwa kila mmoja, na kamba ya kuzimia injini ifungwe mkononi mwa nahodha.

Kama unakwenda Naivasha, jua kwamba ziwa lile liko takriban mita 1,880 juu ya usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi, na injini hupoteza karibu sehemu moja ya tano ya nguvu zake. Ya kabureta pia hupata petroli nyingi mno kwa hewa iliyopo, plagi zikaingia weusi. Usiongeze mafuta kwa hasira ukidhani ni mbovu. Mwulize fundi mapema kuhusu jeti ndogo zaidi (kitundu cha kabureta kinachopitisha petroli) na pangaboi linalofaa. Ingia majini asubuhi, kwa sababu mchana upepo huamka, na kaa mbali na kingo: maji yalipopanda yalimeza miti na nyua, na visiki bado vimo chini. Viboko nao hawajali kwamba injini yako ni mpya.

Baada ya saa ya kwanza zima, kaza tena skrubu zinazoshika injini kwenye boti, na utoe magugu kwenye tundu la kuingizia maji.

Saa 10 zikiisha, au 20 kwa baadhi ya aina, mwaga oili ya gia na, kwa stroki nne, ile ya injini. Ipitishe kati ya vidole. Unga laini wa kijivu ni wa kawaida kwa mashine mpya. Vipande vya chuma, au oili iliyogeuka rangi ya chai ya maziwa, ina maana maji yameingia au kuna kilichovunjika. Hapo usiiwashe tena. Ifunge kwenye pikapu uirudishe dukani pamoja na lile daftari.