Kabla hujafunga nodi ya Bitcoin nyumbani

Kwanza tuelewane: nodi, yaani kompyuta inayotunza na kukagua rekodi ya miamala yote ya Bitcoin, haikupi hela. Ukimsikia mtu anasema nodi yake inamwingizia, ama kachanganya na uchimbaji (kuunda bloku mpya kwa malipo) ama anataka kukuuzia kitu. Kazi ya nodi ni kuhakiki. Inapakua kila bloku, yaani kila fungu la miamala, tangu Januari 2009, inazikagua yenyewe, na pochi yako inauliza salio hapo badala ya kuuliza seva ya mtu baki atakayeziona anwani zako zote. Kama hilo halikusumbui, baki na kifaa cha funguo (kile kidogo kinachotunza funguo za siri za pesa zako) peke yake, wala hujakosea.

Kama bado unataka, anza na diski. Chukua SSD, achana na zile za kuzunguka, na iwe ya TB 2. Historia nzima imeshapita GB 600 na kila mwaka inaongezeka, kwa hiyo TB 1 itakubana mapema. Kompyuta yenyewe isikuumize kichwa: Raspberry Pi yenye RAM ya GB 8 inatosha, hata laptop ya zamani iliyokaa kabatini.

Intaneti iwe isiyo na kikomo. Bando la simu sahau kabisa. Na ukifungua mlango wa mtandao namba 8333 ili nodi nyingine ziingie kwako, utakuwa unawagawia wengine historia ile ile mwezi mzima, kwa hiyo weka kikomo cha kupakia kwenye mipangilio.

UPS, ile betri inayoshikilia umeme ukikatika, ni lazima. Umeme ukikatika nodi ikiwa inaandika, hifadhidata inaweza kuharibika, na kuijenga upya ni kazi ya siku kadhaa. Soketi ya UPS watu wa nyumbani wasichomeke pasi. Bandika karatasi ukutani, maana kusema kwa mdomo hakutoshi.

Kifaa cha funguo nunua kwa mtengenezaji au wakala aliyemtaja mwenyewe. Ukifungua boksi ukakuta kikaratasi chenye maneno 24 ya siri, yale yanayorudisha funguo zako kwenye kifaa chochote, yameshajazwa, huo ni mtego. Maneno yanatoka kwenye skrini ya kifaa mbele ya macho yako. Mzigo uje kwenye S.L.P., usije mlangoni kwako. Mwaka 2020 majina, simu na anwani za wateja wa Ledger, kampuni inayotengeneza vifaa hivi, wapatao 272,000 zilivuja, na mwaka uliofuata baadhi yao wakaletewa vifaa feki kwa posta. Maneno yaandike kwa kalamu, yakae sehemu mbili tofauti, mbali na mchwa. Usiyapige picha. Usijitumie WhatsApp.

Sasa lile linaloumiza watu: siku nodi itakapokuonyesha sifuri.

Shemeji yangu alikuwa na kila kitu, nodi, kifaa, maneno yamefungiwa. Umeme ukakatika, ukarudi kwa kishindo, diski ikafa. Akanunua nyingine, akaweka upya Bitcoin Core, programu ya nodi, akaunganisha pochi. Salio: 0.00000000. Nodi ilikuwa bado inasoma bloku za 2016, na pesa zake aliziingiza 2022. Pembeni ya salio palikuwa na maandishi madogo ya kuonya kwamba nodi haijafika mwisho, lakini mtu akishaona sifuri hasomi maandishi madogo. Akauliza kwenye kundi moja la mtandaoni. Haukupita muda, mtu mpole, "kaka" kila sentensi, akamfuata pembeni: pochi yako inahitaji kuunganishwa upya, gusa kiungo hiki. Ukurasa ukaomba maneno 24. Akayajaza moja moja, huku anasoma kwenye karatasi. Kifaa kipo mezani, hakuna aliyekigusa, pesa zikahama. Siku kadhaa baadaye nodi ilipofika 2022 ikamwonyesha kila muamala bila kuficha: zilivyoingia, kisha zilivyotoka.

Kwa hiyo jifunze sababu za sifuri kabla hujaiona. Nodi inaweza kuwa bado inapakua. Au ulichagua kufuta bloku za zamani ili kuokoa nafasi, na sasa haiwezi kutafuta miamala ya nyuma mpaka izipakue tena. Au uliweka neno la ziada juu ya yale 24 na leo umekosea herufi moja. Neno hilo kifaa hakilikagui, hakikwambii umekosea, kinakufungulia pochi nyingine, tupu. Zote tatu hazitibiwi kwa kuandika maneno kwenye tovuti.

Kisha fanya jaribio. Tuma kiasi kidogo, andika pembeni anwani ya kwanza, halafu futa kifaa kwa makusudi na ukirudishe kwa maneno yako. Anwani ikija ile ile, endelea. Isipokuja, umejua mapema, na ulichopoteza ni cha soda. Watu wengi wanaruka hatua hii kwa uoga, kana kwamba siku ya kweli mkono hautatetemeka.

Mengine ni ya kawaida. Sasisha programu kutoka tovuti ya mwenye nayo tu. Mweleze mtu mmoja unayemwamini maneno yamefichwa wapi, maana kuna kufa. Kama uko Tanzania, kumbuka tangazo la Benki Kuu la Novemba 2019 lililoonya dhidi ya sarafu za kidijitali, na kodi ya zuio ya 3% kwenye uhamishaji wa mali za kidijitali iliyoanza 2024, na usiulize mambo ya kodi kwenye makundi. Usitaje kiasi ulichonacho, hata kwa utani. Na ile stika ya Bitcoin kwenye kioo cha gari, ya nini?