Jinsi ya Kuchagua Sanaa ya Mapigano Inayolingana na Lengo Lako

Mwongozo huu nimeuandika baada ya kumsaidia mpwa wangu, ambaye alikuwa karibu kulipa ada ya mwaka mzima mahali asipopajua.

Hatua ya 1: Andika lengo kwa sentensi moja. "Nataka kujilinda" haitoshi. Mpwa wangu aliandika, "Mtu akinikamata nguo, niweze kujinasua."

Hatua ya 2: Tafuta mchezo unaofundisha jambo hilo hasa. Anayetaka pumzi na wepesi wa miguu aende kwenye ndondi. Anayeota Olimpiki kwa mateke achague taekwondo, inayotolewa medali tangu mwaka 2000, kwa kuwa karate imeshindaniwa huko mara moja tu, Tokyo, mwaka 2021. Kwa kukamatwa na kuangushwa, mimi nashikilia judo, iliyoasisiwa na Jigoro Kano mwaka 1882, kwa sababu somo lake la kwanza ni kuanguka: kidevu kifuani, mgongo umepinda, kiganja kikipiga mkeka kabla kichwa hakijaufikia. Ujuzi huo utakufaa hata ukiteleza bafuni.

Hatua ya 3: Keti pembeni utazame somo zima kabla ya kulipa. Hapa ndipo nilipopoteza miezi minane, nikirudia kata, yaani mfululizo wa miondoko iliyopangwa tayari, peke yangu bila kukamatwa na mtu hata siku moja, ilhali lengo langu lilikuwa kama la mpwa wangu. Kata si upuuzi. Anayetafuta utulivu na nidhamu ya mwili atanufaika nayo sana. Lakini kama lengo lako ni kukabiliana na mtu, subiri nusu saa ya mwisho uone iwapo wanafunzi wanashindana na mwenzao anayekataa kwa nguvu zake zote, au anayejiangusha mwenyewe. Nenda mara mbili, kwani siku ya wanaoanza hufichua machache. Ukali nao usikudanganye: mwanafunzi akigonga mkeka kuashiria kwamba ameshindwa, mwenzake anapaswa kumwachia papo hapo, na mwalimu awe anatazama. Pale ambapo wageni hupigwa kichwani tangu wiki ya kwanza, ondoka.

Hatua ya 4: Pima umbali na ada. Ukumbi wa karibu ni bora. Sare inunuliwe baadaye.

Hatua ya 5: Fanya mazoezi mara mbili kwa wiki kwa miezi mitatu, kisha isome upya sentensi yako.